Aliye Juu, Usimngoje Chini



Wahenga walisema: Aliye juu mngoje chini. Methali hii huwafaa watu wanaoonewa na wenye vyeo. Lakini ikiingia katika nyumba ya mume na mke, ni sumu. Mwezi huu tutajifunza jambo hilo kutokana na safari ya familia moja ya Wakenya wanaoishi Uingereza. Walikwenda likizo katika nyanda za juu za Scotland, na huko wakapanda treni inayovutwa mlimani kwa kamba ya chuma. Wamenikubalia nisimulie habari zao, mradi nisiwataje majina.

NYUMBA ILIYOPINDUKA

Mume alikuwa fundi mkuu wa mitambo katika kiwanda kimoja hapa nchini, na mkewe alikuwa muuguzi. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi, mume alikuwa miongoni mwa walioachishwa. Haukupita muda, mke akapata kazi katika hospitali moja mjini Glasgow. Mume akamfuata pamoja na watoto wao wawili. Kule vyeti vyake havikumsaidia, akakubali kazi ya kusafisha ofisi usiku.

Basi mambo yakapinduka. Mke ndiye aliyelipa kodi ya nyumba na kutuma pesa kwa wazazi wa pande zote mbili. Mume aliamka adhuhuri, akapika, akawachukua watoto shuleni na kuwasaidia masomo. Jioni mke alipoingia, mume alikuwa akivaa koti ili atoke. Walikutana mlangoni.

"Umekula?"

"Nimekula."

Mazungumzo ya siku nzima yaliishia hapo.

Siku moja mume alimsikia mkewe akimwambia dada yake kwa simu, "Nyumba hii yote iko mabegani mwangu." Hakumwuliza kitu, lakini tangu siku hiyo methali ile ilianza kuzunguka moyoni mwake. Mwaka huo mke aliomba cheo cha juu hospitalini, akakikosa. Alirudi nyumbani akilia. Mume alimpikia chai, akamwambia pole. "Lakini moyoni nilifurahi kidogo," aliniambia baadaye. "Hapo ndipo nilipojiogopa."

SAFARI YA MLIMANI

Shule zilipofungwa katika mwaka wa 2025, mke alilipia siku tatu za mapumziko huko Aviemore, mji mdogo ulio chini ya milima ya Cairngorms. Mume alikwenda shingo upande, kwa sababu hata nauli yake ililipwa na mkewe.

Karibu na mji huo pana reli iliyofunguliwa mwaka 2001, ambayo hupanda ubavuni mwa mlima Cairn Gorm. Mlima wenyewe una urefu wa mita 1,245. Watoto walicheka sana baba yao alipowaambia kwamba Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu anayeuza mahindi ya kuchoma barabarani Nairobi amesimama juu kuliko kilele hicho. Waliposhuka kutoka kwenye basi, kicheko kilikatika. Baridi ya huko si ya mchezo. Kileleni mwa mlima huo, mwaka 1986, ulipimwa upepo uliokwenda kwa kasi ya kilomita 278 kwa saa.

Reli hiyo ina urefu wa karibu kilomita mbili, na ndiyo inayofika juu zaidi kuliko reli zote za Uingereza. Huanzia kiasi cha mita 637 na kufika mita 1,097, na mwishoni hupita ndani ya shimo chini ya ardhi. Ina mabehewa mawili tu, na hayana injini. Yameunganishwa kwa kamba ya chuma inayopitia juu mlimani. Moja likipanda, lingine lazima lishuke.

Binti yao wa miaka tisa aligundua jambo hilo upesi. "Baba, hii haina injini. Nani anatuvuta?"

Fundi ni fundi. Baba alimwinamia, akamwonyesha dirishani. "Unaliona lile linaloshuka? Uzito wake unasawazisha uzito wetu. Iko mota, lakini kazi yake ni kuongezea pale panapopungua. Bila lile, mota ingeumia sana."

"Kwa hivyo wale watu wanatusaidia na hawajui?"

"Hawajui," baba akajibu, kisha akanyamaza.

Walipofika katikati, njia moja iligawanyika kuwa mbili kwa mwendo mfupi. Behewa lililokuwa likishuka likapita karibu nao, watoto wakawapungia mikono abiria wake, kisha njia zikaungana tena. Mke aliniambia kwamba wakati huo hakuwa akitazama mlima. Alikuwa akimtazama mumewe. Ilikuwa miezi mingi tangu amsikie akieleza jambo analolijua.

Huko juu walinunua chai. Watoto walipokwenda dirishani, mke akasema, "Baba watoto, mimi huenda kazini bila wasiwasi kwa sababu wewe uko na watoto. Sijawahi kukuambia."

Mume akakaa kimya, kisha akajibu, "Nilikusikia siku ile ukiongea na dada yako."

Chai ilipoa vikombeni. Maneno yaliyofuata hayakuwa matamu, na mke alilia. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu walizungumza wakiwa wamekaa.

FUNZO LA KWANZA: ANAYESHUKA HUENDA NDIYE ANAYEVUTA

Tusidhani kwamba jambo hili ni la ugenini tu. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika ukingo wa Bonde la Ufa, njia ya kudumu ya kuteremka haikuwa tayari. Katika miaka ya 1900 na 1901 wajenzi waliteremsha mabehewa kwa kamba. Kwenye mteremko mkali, behewa lililoshuka na shehena ndilo lililovuta lingine kupanda. Ndivyo vifaa vilivyofika bondeni, na kufikia Desemba 1901 reli ikafika Kisumu.

Katika ndoa nyingi za siku hizi mmoja hupanda huku mwenzake akishuka. Huyu amepandishwa cheo, yule amestaafu. Huyu amerudi chuoni, yule amebaki na watoto. Anayepanda asiseme kwamba anapanda peke yake. Wala anayeshuka asijihesabu kuwa mtu bure.

Lakini tahadhari. Behewa tupu halisaidii kama lililojaa. Mwenzi aliyepoteza kazi, akaketi kutwa akilaumu au akaenda kunywa, ameliacha behewa lake tupu. Fundi wetu alibeba mapishi, shule na malezi. Huo ni uzito wenye faida, na unastahili kutajwa kwa shukrani.

FUNZO LA PILI: TENGENI MAHALI PA KUPISHANA

Reli za namna hii zilipata nafuu kubwa kutokana na akili ya mhandisi Mswisi, Carl Roman Abt. Mahali pa kupishana alipobuni palitumika Giessbach, Uswisi, mwaka 1879. Kila behewa lina magurudumu yanayoushika upande wake wa reli, hivi kwamba yakikutana katikati, moja hufuata njia ya kulia na lingine ya kushoto, siku zote, bila mtu kuja kuelekeza. Palipangwa mapema. Pasipo mahali hapo, mabehewa mawili kwenye njia moja yangegongana.

Watu wengi waliooana hugongana, au hupishana mlangoni kama wapangaji, kwa sababu hawakutenga mahali. Wanandoa wetu wamechagua Jumatano jioni, siku ambayo mume haendi kazini. Watoto wakilala, wao hukaa saa moja, televisheni imezimwa. Huzungumza kwanza habari za moyo, kisha habari za pesa. Pesa zote sasa huandikwa kwenye daftari moja, za mke na za mume, na yeyote kati yao anaweza kulifungua.

FUNZO LA TATU: KUFUNGA NJIA ILI KUITENGENEZA SI AIBU

Reli ile ya Cairn Gorm ilifungwa mwaka 2018 baada ya kasoro kuonekana katika nguzo na mihimili ya saruji inayoibeba. Watu hawakungoja mpaka iue mtu. Ilitengenezwa, ikafunguliwa Januari 2023. Agosti ya mwaka uleule ikafungwa tena, kwa kuwa baadhi ya kazi ilitaka kurudiwa. Ilifunguliwa tena Februari 2025.

Wapo wanandoa ambao huomba ushauri mara moja, wakateleza tena, kisha wakasema, "Ndoa hii haiponi." Kuteleza si kuanguka. Mkiona ufa, simameni. Semeni na wazee au marafiki wenye busara, mtengeneze. Ukirudi ufa, tengenezeni tena. Ahadi mliyopeana mbele ya altare haikuwa ya siku za raha peke yake.

ZOEZI KWA MUME NA MKE

Chagueni saa moja juma hili. Kila mmoja ajibu akiwa wa kwanza mara mbili, na mwenzake asimkatize.

1. Kwa sasa, ni nani kati yetu anayepanda na ni nani anayeshuka? Je, tuliwahi kubadilishana?

2. Taja jambo moja ambalo mwenzako hulibeba na hujawahi kumshukuru kwalo.

3. Je, umewahi kufurahi moyoni mwenzako aliposhindwa? Kama ni vigumu kulitamka, liandike kwanza kwenye karatasi.

4. Siku yetu ya kupishana itakuwa ipi, na saa ngapi?

Huenda mkauliza fundi wetu yuko wapi leo. Bado anasafisha ofisi usiku. Ameanza masomo ya kupata cheti kinachokubalika kule, na mkewe amebadilisha zamu mbili ili naye apate nafasi ya kwenda darasani. Zamu hii behewa la mke linashuka kidogo. Nilipomwuliza kama inamuuma, alicheka. "Inauma," akasema, "lakini najua kinachopanda."