Kufundisha kwa Kasha Lililo Wazi: Somo la Kuongeza Uwezo wa Kompyuta

Utangulizi

Walimu wenzetu, tunapowatembelea wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha, hapa Newala na hata Masasi, mara kwa mara tunaonyeshwa kompyuta iliyofunikwa kitambaa kwenye kona ya ofisi. Tukiuliza ina nini, tunajibiwa kwamba imechoka. Neno hilo halitoshi. Mashine haichoki kama mtu. Huenda ni kiungo chake kimoja tu kilichozidiwa, na vingine vyote vingali vizima. Lakini kwa kuwa hakuna anayethubutu kulifungua kasha, mali ya shule huozea pale.

Jambo hili lina historia. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta kutoka nje. Marufuku hiyo iliondolewa zamani, na leo mashine zinaingia kwa wingi. Hata hivyo, kumiliki chombo ni jambo moja na kukielewa ni jambo jingine. Makala haya yanaeleza jinsi tulivyolifundisha jambo hilo la pili kwa kutumia kompyuta yetu wenyewe, na jinsi kosa letu lilivyogeuka kuwa zana bora kuliko zote tulizoziandaa.

Mashine tuliyoitumia

Kompyuta hii ni ya mezani, ya daraja la kati, iliyoundwa tayari kiwandani kwa ajili ya michezo. Tuliinunua Dar es Salaam ikiwa imekwisha kutumika, tukaileta kwa basi tukiwa tumeipakata. Hatuoni haya kusema kwamba jioni tunacheza mpira humo. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Intel Core i5-10400F, kadi ya picha ya GTX 1650, diski ngumu, na kipande kimoja cha kumbukumbu ya muda, ile ambayo mafundi huiita ramu, chenye gigabaiti 8. Kisanduku cha umeme, yaani pawa saplai, kilikuwa cha wati 300.

Mashine za namna hii hufaa kwa somo kwa sababu viungo vyake vingi huchomolewa na kuchomekwa. Lakini mwalimu asidhani kwamba zote ziko hivyo. Viwanda vingine huunda bodi kuu na pawa saplai za umbo lao pekee, hata kifaa cha kawaida kisiweze kuingia. Kwa hiyo, kufungua na kutazama hutangulia kununua.

Shabaha za somo

Mwishoni mwa somo mwanachuo aweze:
(a) kutaja kazi ya kila kiungo kikuu kwa maneno yake mwenyewe;
(b) kupima na kutambua kiungo kinachoichelewesha mashine;
(c) kukadiria mahitaji ya umeme kabla ya kuongeza kifaa chochote.

Hatua ya kwanza: Kutoka katika yanayojulikana

Tulianza na maji. Kila mkazi wa uwanda huu wa Makonde anajua kwamba maji ni haba huku juu, na kwamba wazee wetu waliyateka mabondeni. Tukawaambia wanachuo wafikirie nyumba yenye mpishi hodari, pipa dogo mlangoni, na kisima kilichoko bondeni. Mpishi ni prosesa. Pipa ni ramu. Kisima ni diski. Pipa likikauka, mpishi hukaa bure akimngoja mtoto apande mlima na ndoo. Je, tukimleta mpishi hodari zaidi, chakula kitaiva mapema? Darasa zima likajibu kwamba hakitaiva.

Kadi ya picha tuliilinganisha na wabanguaji wa korosho. Kila mmoja hufanya kazi ndogo, lakini wote huifanya kwa wakati mmoja. Kadi ya GTX 1650 ina wabanguaji 896 wa namna hiyo. Ndiyo maana huweza kuchora uwanja mzima wa mpira pamoja na wachezaji wake mara nyingi katika sekunde moja, kazi ambayo ingemlemea mpishi mmoja hata awe hodari namna gani.

Hatua ya pili: Kupima

Wanachuo 24 waligawanyika katika makundi manne. Kundi moja lilipima kwa saa muda wa kuwaka hadi mashine kuwa tayari. Ulizidi dakika mbili. Jingine lilifungua programu ya Task Manager iliyomo ndani ya Windows, likaandika ubaoni asilimia za matumizi wakati mashine inajikokota. Diski ilikuwa imefika 100, ramu ilikuwa karibu kujaa, na prosesa haikufika hata 20. Hapakuhitajika maelezo marefu. Mwanachuo mmoja alisema, "Mpishi amekaa, mtoto yuko bondeni."

Hapo tukaingiza hesabu. Diski ngumu nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Ni kasi kubwa, lakini sindano yake hulazimika kwenda mpaka mahali jambo lilipoandikwa na kungoja mahali hapo pazunguke pafike. Diski ya kisasa isiyozunguka, ambayo mafundi huiita esesidi, haina safari hiyo. Ni kama bomba lililofika mlangoni.

Hatua ya tatu: Kufungua

Usalama ulitangulia. Tulizima mashine, tukachomoa waya wa umeme ukutani, kisha tukabonyeza kitufe cha kuwashia ili kumaliza umeme uliobaki. Kila mwanachuo aligusa chuma tupu cha kasha kabla ya kugusa kiungo chochote, kwani umeme wa mwilini, ingawa hauumizi mtu, huweza kuua kiungo. Aidha, tulikataza kabisa kufungua pawa saplai yenyewe, maana humo umeme hubaki hata baada ya waya kuchomolewa.

Vumbi jekundu la Newala lilikuwa limejaza feni na mapezi ya kupoozea prosesa. Tuliliondoa kwa brashi laini, huku kidole kikiyashika mapanga ya feni yasizunguke. Kazi hiyo haigharimu kitu, nayo yafaa ifanywe kila muhula.

Kisha tukaongeza kipande cha pili cha ramu, cha gigabaiti 8 na cha aina ileile, tukikiweka katika nafasi iliyoelekezwa na kitabu cha bodi, ili vipande viwili vifanye kazi sambamba. Nyaraka zote zilikuwa zimekwisha kunakiliwa pembeni, basi tukafunga esesidi na kuhamishia mfumo humo. Kundi la kwanza likapima tena. Safari hii muda wa kuwaka haukufika nusu dakika.

Hatua ya nne: Kosa letu

Ilipofika zamu ya kadi ya picha, tulitoa kabatini kadi mpya ya RTX 3060 iliyokuwa bado katika boksi lake. Mwanachuo mmoja akauliza kwa adabu, "Mkufunzi, kwa nini haikufungwa siku zote hizi?"

Tungeweza kulikwepa swali. Tuliona heri kusema kweli. Kadi hiyo ndiyo iliyokuwa ununuzi wetu wa kwanza, kabla ya ramu, kabla ya esesidi, kabla hata ya kufungua kasha. Tuliipenda kwa sifa zake. Tulipoifikisha nyumbani tukakuta pawa saplai haina waya wa kuilisha. Fedha ya miezi kadhaa ikalala kabatini, na nyumbani tukaulizwa maswali ambayo hatukuwa na majibu yake.

Tuliliacha darasa lifanye hesabu. Prosesa wati 65, kadi ya zamani wati 75, na viungo vingine tukakadiria wati 50: jumla 190. Kadi mpya hutumia wati 170, hivyo jumla yawa 285. Kundi la tatu likadai kwamba 285 ni pungufu ya 300, basi yatosha. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, nasi hatukuipuuza. Tukawauliza: baiskeli inayobeba mzigo wa mwisho wa uwezo wake kwenye njia tambarare, itapanda nao kutoka bondeni? Prosesa ikibanwa na kazi hupita zile wati 65 kwa muda, na mtengenezaji wa kadi hiyo anashauri pawa saplai ya wati 550. Kundi la tatu likakubali, likaandika ubaoni kanuni ambayo tumeihifadhi kwa maneno yao: "Soma kibandiko kwanza, fungua pochi baadaye."

Kwa bahati, pawa saplai yetu ilikuwa ya umbo la kawaida. Baada ya msimu wa korosho tulinunua ya wati 550, na sasa kadi inafanya kazi. Mpira wa jioni umenoga. Lakini ukweli ni kwamba kazi za darasani zilikuwa zimekwisha kupona kwa ramu na esesidi, vitu vya bei ndogo kuliko kadi ile.

Tathmini

Wanachuo walikumbuka majina ya viungo, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba waliacha kusema "imechoka" na wakaanza kuuliza "imekwama wapi?" Mwalimu anayeuliza hivyo hataifunika kompyuta ya shule kitambaa kabla ya kuipima. Kadhalika tumejifunza kwamba kosa la mkufunzi, likielezwa bila kufichwa, humpa mwanachuo ujasiri wa kukiri la kwake.

Maswali ya kujadili

1. Shule yako ina kompyuta moja iendayo polepole na fedha ya kununua kifaa kimoja tu. Utapima nini kabla ya kununua?
2. Tafuta mfano mwingine kutoka katika mazingira ya wanafunzi wako utakaoeleza tofauti ya ramu na diski.
3. Soma kibandiko cha pawa saplai ya kompyuta iliyo karibu nawe. Je, ina nafasi ya kuongezewa mzigo? Toa hesabu yako.