Mchicha wa Bondeni: Kupima Sumu ya Udongo

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Kisarawe, hupita Vingunguti jijini Dar es Salaam, kisha huingia Bahari ya Hindi. Bondeni mwake hulimwa mchicha na matembele, na maji ya kumwagilia huwa yamekwisha kupokea majitaka ya viwanda na nyumba. Wachunguzi wamekuta risasi na kadimiamu katika mboga za huko. Je, kuwamo kwa metali hizo kwatosha kusema kwamba mlaji amo hatarini?

Koleo moja la udongo haliwakilishi shamba. Hapana budi kuchukua udongo mahali kumi au zaidi, kina cha sentimeta 0 hadi 20, kuuchanganya, kuukausha na kuuchekecha. Maabara huuchemsha kwa asidi ya nitriki, kisha hupima mwanga unaofyonzwa na atomi za metali inayotafutwa.

Lakini jumla ya metali udongoni si kipimo cha hatari. Kadimiamu hushikwa na mfinyanzi na mboji. Udongo ukizidi asidi, huachiliwa, nayo mizizi huinyonya. Risasi hupanda kwa shida: sehemu kubwa huwa ni vumbi na tope juu ya majani. Kwa hiyo kuosha mboga hupunguza risasi. Kadimiamu iliyomo ndani ya jani haiosheki.

Sasa tupige hesabu. Kiwango cha juu cha kadimiamu kilichowekwa na Codex kwa mboga za majani ni miligramu 0.2 kwa kilo, yaani mikrogramu 200. Tuchukue mchicha uliofikia kiwango hicho barabara. Mtu mzima wa kilo 60 alaye gramu 200 kila siku hupata mikrogramu 40. Kwa siku 30 ni 1,200, sawa na 20 kwa kila kilo ya mwili wake. Mtoto wa kilo 20 alaye gramu 100 hupata 600 kwa mwezi, sawa na 30 kwa kilo. Mwaka 2010 kamati ya wataalamu wa FAO na WHO iliweka ukomo wa 25.

Mchicha ni uleule, na sokoni ungepita. Mzazi yumo ndani ya ukomo, mtoto ameuvuka, na bado hatujahesabu vyakula vingine. Nusu ya kadimiamu iliyoingia katika figo huchukua miaka 10 hadi 30 kutoka.

Mwalimu mwenye karatasi za kupimia pH aweza kuanza na udongo wa bustani ya shule. Ukionyesha 5, chokaa ya kilimo itapunguza kadimiamu inayopanda majanini, ijapokuwa haiiondoi udongoni.