Mzigo wa 1916: Maswali kuhusu Mwendo wa Askari wa KAR

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa kwa miguu huku kwetu Afrika Mashariki. Mbung'o waliua farasi na wanyama wa mizigo, barabara zilikuwa za kuhesabu, na kilichofika mstari wa mbele mara nyingi kilifika juu ya vichwa vya watu. Hapa ninajibu maswali ya wanaojiandaa kuigiza mwendo wa askari wa King's African Rifles, yaani KAR, katika uwanda wa Taveta.

Kwa nini Taveta, na kwa nini Machi 1916?

Kwa sababu hakuna "askari wa zamani" wa jumla. Kuna askari wa kikosi fulani, mwezi fulani, mahali fulani, na usipomchagua huyo utavaa mchanganyiko wa miaka minne na majeshi matatu. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, wakajichimbia kwenye kilima cha Salaita. Shambulio la Waingereza la tarehe 12 Februari 1916 lilishindwa. Mwezi uliofuata Wajerumani walikihama kilima wenyewe, na jeshi la Jenerali Smuts likawafuata hadi kwenye upenyo kati ya vilima vya Latema na Reata. Batalioni ya 3 ya KAR ilipigana hapo tarehe 11 Machi, na kamanda wake, Luteni Kanali Graham, akauawa. Kutoka Salaita hadi Taveta ni kama kilomita 12. Mtu aliyejiandaa anazimaliza kwa siku moja bila pupa.

Tuvae nini?

Kaptura ya kaki, jezi ya buluu, kofia yenye kitambaa cha kufunika kisogo, na vitambaa vya kuviringa miguuni. Hivi vya mwisho ndivyo vinavyowasumbua wageni. Anzia kwenye kifundo cha mguu, panda kuelekea goti, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Ukibana sana, ganzi itakupata baada ya nusu saa. Ukilegeza, kitambaa kitaburuta vumbini kabla hujaona kilima. Viringa ukiwa umesimama, uzito ukiwa juu ya mguu huohuo, kisha piga hatua hamsini na urekebishe.

Nunua pamba au sufu halisi. Kitambaa cha nailoni hakilowi jasho wala hakichuji vumbi kama vile vya zamani, na hapo unapoteza kile ulichokuja kukijua.

Ni kweli walitembea miguu mitupu? Nasi tufanye hivyo?

Wengi walitembea miguu mitupu, wengine kwa viatu vya wazi vya ngozi. Funza waliwalemaza watu wengi kuliko tunavyodhani: anaingia chini ya ukucha, jeraha linaoza, na askari mzima anabebwa machela. Ila wale walikua wakitembea pekupeku tangu utotoni, na nyayo zao zilikuwa ngumu kwa namna ambayo mwezi mmoja wa mazoezi haukupi. Vaa viatu vya ngozi vilivyoshonwa kwa mkono, vizoeze nyumbani mpaka viache kuchubua, na uchome chanjo ya pepopunda. Miba ya migunga ya Tsavo haijui kwamba unaigiza.

Nianzeje mazoezi ya mzigo?

Jipe miezi mitatu. Anza kwa kutembea bila kitu, kisha ongeza theluthi ya mzigo, halafu nusu, na mzigo kamili uje katika wiki tatu za mwisho tu. Fanya mazoezi jioni na alfajiri, kisha mara chache saa tano asubuhi, maana joto la uwanda ule ni mzigo wa pili. Maji usiyaigize. Mwaka 1916 maji yalikuwa taabu kubwa upande huo. Wewe beba lita za kutosha hata kama chupa yako ni ya kisasa na umeificha ndani ya mkoba wa turubai.

Kikundi chetu kina watu kumi, wote askari. Inatosha?

Haitoshi, na hili nalisema kwa uchungu. Askari peke yake barabarani ni picha ya uongo. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, inamwonyesha mtu mmoja na bunduki yake. Ile ya Nairobi inaye mpagazi pamoja na wenye silaha, na kwa hilo inakaribia ukweli zaidi. Waingereza waliandikisha wapagazi karibu milioni moja katika vita hivi, wengi kwa kulazimishwa. Takwimu zao wenyewe zilitaja zaidi ya 90,000 waliokufa, na wengi waliuawa na maradhi, si risasi. Mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi imebaki na jina la kikosi chao, Carrier Corps.

Kwa hiyo katika watu kumi, ningeweka askari watatu na wapagazi saba. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kati ya ratli 50 na 60, yaani kilo 23 hadi 27, juu ya ngata kichwani. Msipakie uzito huo. Shingo isiyozoea itaumia vibaya. Kilo 10 zinatosha kukufundisha jinsi macho yanavyobaki mbele, jinsi usivyoweza kuona unapokanyaga, na jinsi kushuka korongo dogo kunavyogeuka kazi ya dakika kumi. Badilishaneni zamu, kila aliyevaa kofia ya askari abebe pia. Watazamaji wakija, mpagazi ndiye aanze kuzungumza nao.

Chakula?

Unga wa mahindi, maharage, chumvi. Wapagazi wengi walitoka kwenye ndizi, mtama au wimbi, wakapewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, bila kuni za kutosha wala muda wa kuupika. Sima mbichi ikawaharibu matumbo, na kuhara kukaua. Pikeni sufuria moja kwa kuni mlizookota njiani baada ya mwendo, mkiwa mmechoka, muone subira inavyokwisha kabla sima haijaiva. Kisha msile mpaka iive.

Bunduki na vibali?

Bunduki iwe ya mbao, yenye chuma ndani ili ifike kama kilo 4. Hata ya bandia ipelekeni polisi kabla ya safari, pamoja na picha za sare, kwa kuwa sheria inamkataza raia kuvaa mavazi ya majeshi. Ombeni ruhusa kwa wenye ardhi, na kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya mkikaribia mbuga. Tembo na simba wapo. Salaita bado ina mahandaki na maganda ya risasi. Ukiona ganda, lipige picha uliache palepale, maana mabaki hayo yanalindwa na sheria ya makumbusho. Ukiona risasi nzima au kitu kinachofanana na kombora, usikiguse: weka alama kwa mbali, rudi kwa njia uliyojia, na mpigie simu polisi wa Taveta.