Uvimbe usiouma na mlinzi wake

Mtu akiota uvimbe, swali la kwanza nyumbani huwa: "Unauma?" Akijibu hapana, huambiwa auache. Leo tutazame saratani moja ya ngozi ambayo kwa kawaida haiumi, nayo huenea haraka: saratani ya seli za Merkel.

Ni maradhi adimu. Huwapata zaidi wazee wenye ngozi nyeupe, na watu ambao kinga ya mwili imedhoofika. Uvimbe huwa mgumu, mwekundu au wa zambarau, na hukua ndani ya wiki chache, hasa usoni, shingoni na mikononi. Uso na mikono tunaipitishia maji kila tunapotia udhu, basi tuitazame pia. Mwaka 2008 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, waligundua kirusi ndani ya saratani hii. Huko Marekani kinakutwa kwa takriban wagonjwa 8 kati ya 10.

Seli iliyovurugika kiasi hicho inaishije? Hapa ndipo zinapoingia protini za mshtuko wa joto, ambazo kila seli inazo, hata zako. Chanzo cha jina ni Mtaliano Ferruccio Ritossa, aliyeandika mwaka 1962 kuwa joto huamsha sehemu fulani za urithi katika seli za nzi wa matunda. Protini hufanya kazi ikiwa imekunjwa sawasawa. Joto kali huiharibu, kama ute wa yai unavyoganda kikaangoni. Hizi za mshtuko huzuia uharibifu huo na kukunja upya zilizoharibika. Ni mlinzi mwema, ila hachagui anayemlinda. Seli ya saratani, yenye protini mbovu tele, humtegemea kuliko seli nzima.

Ndiyo maana watafiti wanataka kumfunga mikono mlinzi huyo. Mwaka 2014 ilichapishwa taarifa kuwa dawa ya majaribio, MAL3-101, iliua seli za Merkel maabarani. Lakini nasi tunamhitaji mlinzi huyo: baadhi ya dawa za aina hii, zilipojaribiwa kwa saratani nyingine, zilidhuru ini na macho na kuharisha wagonjwa. Kwa Merkel, tiba bado ni upasuaji, mionzi, na dawa za kuamsha kinga kama avelumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017.

Neno "joto" lisimpotoshe mtu akaukanda uvimbe kwa maji moto. Kukanda hakutibu saratani, na siku zinazopotea ndizo uvimbe unazozitumia kufika kwenye tezi. Nenda hospitali ukatwe kinyama kipimwe.