Mtaalamu wa maji si fundi bomba

Swali: Binti yangu anataka kusomea rasilimali za maji. Huku Kyerwa tumezoea mafundi bomba tu. Huyo mtaalamu atafanya kazi gani? – Mzazi, Kyerwa

Jibu: Fundi hulaza bomba. Mtaalamu huamua kwanza kama kuna maji ya kulijaza. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, watu wengi na migomba yao wako vilimani, chemchemi ziko bondeni, kwa hiyo kosa la hesabu ni ghali.

Hesabu yenyewe huanza na ndoo. Ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Kwa kipimo cha sera ya maji ya 2002, lita 25 kwa mtu kwa siku, hao ni watu 1,728. Lakini apime Agosti, kiangazi kikiwa kimekolea. Kipimo cha Aprili, mvua za masika zikimwagika, hudanganya kijiji kizima.

Kazi nyingine ni ya lawama: kumwambia jirani aondoe shamba lililo ndani ya mita 60 za chanzo. Halafu kuna vibali vya kutumia maji: chini ya Sheria Na. 11 ya 2009, hutolewa na Bodi ya Bonde la Ziwa Victoria, Mwanza; RUWASA, wakala wa maji vijijini, husimamia huduma huko.

Binti yako akazanie hisabati, fizikia na jiografia, kisha aombe Chuo cha Maji, Ubungo. Kama hapendi kupanda vilima, atafute kazi nyingine.