Kofia ya Kichanga: Fuma Mwenyewe, Tunza Joto

Katika toleo hili tunashika uzi na sindano ya kroshia. Usicheke! Huenda unawaza, "Kroshia si ndiyo ile ya vitambaa vya makochi?" Ndiyo, ni ile ile. Na wewe kaka unayetaka kufunua ukurasa mwingine, subiri kwanza. Leo tunafuma kofia ya mtoto mchanga, na tutaona kwa nini kazi yake si urembo tu.

KWA NINI MTOTO MCHANGA HUPOA HARAKA?

Mtoto huzaliwa akiwa amelowa. Maji yaliyo kwenye ngozi yanapokauka huondoka na joto. Wewe mwenyewe unalijua hili: ukitoka kuoga unasikia baridi, hata kama ni mchana wa Dar es Salaam. Akilazwa juu ya kitu cha baridi, joto linahamia huko. Upepo wa dirishani nao unachukua lake. Kwa hiyo usidhani baridi ni tatizo la Makete na Lushoto peke yake.

Sasa tazama kichwa chake. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, wakati cha mtu mzima ni karibu moja ya nane tu. Kumbe kichwa kikiachwa wazi, sehemu kubwa ya mwili imeachwa wazi! Tena mtoto mchanga hawezi kutetemeka vizuri ili ajipashe joto kama wewe.

Joto la kawaida la mtoto mchanga ni nyuzijoto 36.5 hadi 37.5 za Sentigredi. Likishuka chini ya hapo, mwili hutumia sukari na oksijeni nyingi kutafuta joto. Mtoto huchoka, hunyonya kwa shida, na anaweza kufa. Walio hatarini zaidi ni watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wiki 37 za mimba, na wale wenye uzito chini ya kilo 2.5.

KOFIA HAIFANYI KAZI PEKE YAKE

Hapa tuelewane vizuri. Kofia ni msaidizi tu. Kinachompasha mtoto joto ni mwili wa mzazi.

Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alianzisha njia ya kumbeba njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu anavyobeba mwanawe. Mtoto huvaa nepi, kofia na soksi, basi. Baba pia anaweza kumbeba hivyo.

Je, njia hii inasaidia kweli? Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania kwa watoto wenye uzito mdogo sana. Miongoni mwa waliobebwa mapema baada ya kuzaliwa, walikufa 12 katika kila 100 ndani ya siku 28. Miongoni mwa waliosubiri mpaka hali yao itulie ndipo wabebwe, walikufa karibu 16. Watoto wanne katika kila mia si mchezo.

HAYA, TUFUME

Mahitaji: uzi laini wa unene wa kati usio na manyoya, sindano ya kroshia ya milimita 4, sindano butu ya kushonea, rula na mkasi. Nawa mikono kwanza.

1. Fuma mnyororo wenye urefu wa sm 15. Ongeza kitanzi kimoja cha kugeuzia.

2. Anzia kitanzi cha pili kutoka kwenye sindano. Ingiza sindano, vuta uzi utokeze: sasa una vitanzi viwili juu ya sindano. Chukua uzi tena, upitishe kwenye vyote viwili. Huo ni mshono mmoja. Endelea hadi mwisho wa mstari, kisha hesabu mishono yako na uiandike.

3. Fuma kitanzi kimoja, geuza kazi. Juu ya kila mshono utaona nyuzi mbili zilizolala kama herufi V. Ingiza sindano kwenye uzi wa nyuma peke yake. Hapa ndipo penye siri: ukifuma hivyo kila mstari, kitambaa kinapata matuta na kinavutika kama mpira. Kofia itashika kichwa bila kukibana.

4. Rudia mpaka kitambaa kifike sm 33 bila kukivuta. Kila mstari uwe na idadi ile ile ya mishono. Ikipungua, fumua urudie; kufumua si aibu.

5. Kunja kitambaa, shona mstari wa kwanza na wa mwisho pamoja. Umepata bomba. Pitisha uzi kuzunguka mdomo mmoja, vuta kama unafunga mfuko, funga fundo imara na ufiche mkia wa uzi kwa ndani.

Kofia hii inamfaa mtoto mwenye mzingo wa kichwa wa sm 35. Tumepunguza sm 2 kwa sababu inavutika. Kwa njiti mwenye kichwa cha sm 30, fuma sm 28 kwa kimo cha sm 12.

MAMBO YA KUZINGATIA

Usiweke vifungo, shanga wala kamba. Mtoto anaweza kunyongwa au kupaliwa. Fua kofia kwa sabuni, suuza sana, anika juani. Kabla ya kupeleka kofia kituo cha afya, kaulizeni kwanza kwa muuguzi mkuu: wanahitaji saizi gani, na wanapokea vipi? Msiingie wodini kiholela.

Nyumbani, gusa shingo ya mtoto kwa nyuma. Ikiwa ana jasho, mvue kofia. Joto kali nalo ni hatari. Lakini ukikuta tumbo na miguu ni baridi, amelegea au hataki kunyonya, awekwe kifuani kwa mama, afunikwe na apelekwe kituo cha afya mara moja. Usiseme "tusubiri kukuche".

JIPIME

1. Taja njia tatu ambazo mtoto mchanga hupoteza joto.
2. Kwa nini kofia peke yake haitoshi?
3. Jadilini darasani: baba akimbeba njiti kifuani, watu mtaani kwenu watasemaje? Ninyi mtawajibu nini?

Kazi njema, na sindano zisilale!