Mwaka wa Nyumba Hauanzi Januari

Mdogo wangu mmoja wa Oldeani, Karatu, ameniandikia ujumbe mrefu, na kwa kuwa wengi wenu mnaniuliza jambo hilohilo, namjibu hapa mbele yenu. Anasema Januari alichukua daftari la mtoto, akafungua ukurasa wa nyuma, akaandika malengo kumi na mawili ya kuyafanya maisha ya nyumbani yawe mepesi: kupunguza vyombo, kuacha kukopa dukani, kuachana na kuni, kukataa sare za harusi zisizo za lazima, bustani ya mchicha nyuma ya jiko, familia kula pamoja bila simu, na mengine ya namna hiyo. Sasa Juni inaisha, na kurasa za nyuma za daftari mtoto ameshazichana. Anauliza, "Dada, nitajuaje kama nimesogea au nipo palepale?"

Pole kwanza. Halafu niruhusu nicheke, maana malengo kumi na mawili ya kurahisisha maisha ni kazi ya pili juu ya ile uliyonayo. Mama anayeamka gizani kuwasha moto, kuandaa watoto na kuwahi shambani hawezi kutembea na mambo kumi na mawili kichwani. Chagua matatu. Yale tisa yaandike kwenye karatasi nyingine, ikunje, iweke kwenye bahasha ya vyeti vya kliniki. Yatakusubiri, hayana haraka.

Na hiyo Januari, mdogo wangu, nani alikudanganya? Januari ndio mwezi mgumu kuliko yote kwa nyumba ya mkulima wa Karatu. Krismasi imemaliza fedha, watoto wanarudi shule wakitaka viatu, sare na madaftari, shamba nalo linadai mbegu na palizi. Ukikaa kuahidi wakati huo unaahidi kwa hasira: "Mwaka huu sikopi tena!" Wiki ya pili uko dukani kwa Mangi unaomba kilo mbili za sukari mpaka mwisho wa mwezi. Serikali yenyewe hufunga mwaka wake wa fedha Juni 30 na kufungua mwingine Julai 1. Wewe ambaye mahindi yako huvunwa katikati ya mwaka, una sababu gani ya kufuata kalenda ya watu wa mishahara? Anza mwaka wako Julai. Kwa hiyo hujachelewa hata siku moja, na hilo daftari lililochanwa usimchapie mtoto.

Sasa tuje kwenye swali lako. Ukiandika "kupunguza vyombo", nani atakayesema umepunguza? Leo utampa jirani sufuria moja, utajisikia umefanya jambo. Tarehe 7 au 25 utakwenda mnadani Karatu, utakuta mabeseni yamepangwa kwa rangi, utarudi na mawili, na lile la sufuria halikumbukwi tena. Lengo la nyumbani linataka alama inayoonekana kwa macho, mahali unapopita kila siku, bila kufungua daftari. Nitakuonyesha kwa yale matatu ambayo mimi ningeyachagua kwako.

La kwanza ni kuni. Umeandika "kuachana na kuni kabisa". Wewe unakaa chini ya mlima unaopita mita 3,000, ukungu wa Julai unaingia mpaka chumbani, na unataka kuzima moto wa jikoni? Moto huo unapika, unawapa joto, unakausha nguo za shule na kupasha maji ya baba kuoga. Na makande je? Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiupikia makande ya mahindi makavu na maharage utalia kabla ya maharage kulainika. Lengo likiwa kubwa kuliko jiko lako, utalivunja siku ya kwanza ya baridi, kisha utajiona umeshindwa kumbe ulijipangia vibaya. Andika hivi: chai ya asubuhi na mboga ya jioni, gesi. Makande na maji ya kuoga, kuni. Maharage yaloweke usiku kucha, nayo yatakula kuni chache.

Alama yake ni nyepesi. Siku unayojaza mtungi, andika herufi G kwenye tarehe hiyo ya kalenda ya ukutani, ile mliyopewa kanisani au kwenye ushirika. Ukijaza tena, andika G nyingine, halafu hesabu siku zilizo katikati. G zikikaribiana ghafla, kuna mtu anapashia maji ya kuoga humo, na wewe unamjua. Zikiachana mno, miezi minne mtungi haujaisha, basi mtungi umekuwa pambo na wewe bado unapuliza moto kila alfajiri. Baada ya mitungi mitatu hivi utakuwa umeijua nyumba yako kuliko mtaalamu yeyote atakayekuja na fomu. Na usione aibu kwenda polepole. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umejipa mpaka 2034 kufikisha asilimia 80 ya Watanzania. Ikiwa nchi nzima imejipa miaka kumi na bado imeacha asilimia 20 pembeni, wewe ni nani ujipe miezi sita kwa asilimia 100?

La pili ni vyombo. Hapa nitasema wazi, maana nimeingia nyumba nyingi za Karatu na kwingineko: tuna kabati la vioo lenye glasi ambazo hakuna aliyewahi kunywea, zimefunikwa vitambaa vya kufumwa, zinafutwa vumbi kila Jumamosi. Watoto wanakunywa maji kwa kopo la plastiki lenye ufa. Juu ya kabati kuna sufuria namba kubwa zimewekwa moja ndani ya nyingine, zinasubiri msiba au kipaimara. Vumbi jekundu la barabara ya mashambani halichagui, linaingia kote huko, na anayesafisha ni wewe.

Usianze kwa kugawa. Ukianza kwa kugawa utapata uchungu, utaacha. Chukua kanga iliyochakaa, ichane vipande vyembamba, kila chombo kifunge kipande kwenye mpini au kisikio. Visivyo na mpini vipange pamoja, ufunge kitambaa kuzunguka fungu zima. Kisha endelea na maisha. Ukitumia chombo, fungua kipande, kitupe. Mwisho wa Septemba simama mlangoni utazame jikoni na kabatini: chenye kitambaa bado, hakikuguswa msimu mzima. Mwisho wa Desemba tazama tena, kwa sababu sikukuu nazo zina vyombo vyake. Vitakavyovuka Krismasi na kitambaa chao havina kazi kwako.

Sitakwambia uvitupe. Kijana anayeanza maisha anahitaji sufuria mbili na sahani nne, mpe. Zile kubwa zipeleke kwenye kikundi. Vikundi vingi vya akina mama vina stoo ya sufuria, sahani na viti vya kukodisha kwenye shughuli. Kama chenu hakina, mnaweza kuanzia hapo. Sufuria moja kubwa ikihudumia kaya ishirini ina faida kuliko ishirini zinazolala juu ya makabati zikingoja msiba mmoja mmoja.

La tatu ni deni la dukani, na hili ndilo lenyewe. Habari njema ni kwamba kuna mtu anakuwekea kumbukumbu tayari, tena bila kukudai ujira: Mangi. Daftari lake halisahau. Kila mwisho wa mwezi, kabla hujalipa hata senti, mwombe akujumlishie, na ile jumla uiandike kwenye tarehe ya mwisho ya mwezi huo kwenye kalenda yako. Iandike hata kama inauma. Julai, Agosti, Septemba, Oktoba: jumla nne zikiwa ukutani zitakueleza habari yako yote. Usitafute sifuri mwezi wa pili. Tafuta jumla inayoshuka, hata kwa elfu mbili. Bandu bandu huisha gogo.

Ikiwa haishuki, angalia kadi za michango kabla hujalaumu sukari. Harusi ya binamu, kicheni pati ya mtoto wa jirani, sendofu, ubarikio, kipaimara, na kila moja ina kamati, ina kundi la simu, ina katibu anayetuma orodha ya waliotoa saa tatu usiku ili wasiotoa wasilale. Halafu sare: kitenge kipya na fundi, kwa siku moja. Mama anakopa unga kwa sababu fedha ya unga imekwenda kwenye kitambaa. Sisemi ujitenge, kwetu mtu hazikwi wala haolewi na familia yake peke yake, na siku yako itafika. Ila mwaka uwe na fungu lake. Mkiuza mahindi, kaa na mumeo, shemeji yangu, mtenge kiasi cha michango ya mwaka mzima, mkiweke kwenye bahasha. Kila ukitoa, andika nje ya bahasha umetoa wapi na kiasi gani. Bahasha ikiisha Machi, imeisha. Kuanzia hapo unachanga kwa mikono: unachota maji, unamenya ndizi, unakaa na mfiwa mpaka usiku. Niamini, watu hukumbuka aliyeosha sufuria za msiba wao kuliko aliyetuma elfu kumi kwa simu. Na misiba usiibane sana. Ukibana, bana kwenye sare.

Umeniuliza pia kwa nini kwenye kikoba hukosi hata wiki moja na nyumbani unakwama. Jibu umelitaja mwenyewe bila kujua. Mtindo huu wa vikundi vya kuweka na kukopa ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukafika kwetu kupitia Zanzibar miaka ya mwanzoni mwa 2000, na umedumu kwa sababu ya mambo ya kawaida kabisa: siku moja ya kukutana, sanduku lenye kufuli tatu na watunza funguo watatu, hisa zinazonunuliwa mbele ya watu na kuandikwa hapohapo. Ukikosa, wenzako wanaona kiti kitupu. Mwaka ukiisha mnavunja, mnagawana, mnaanza upya. Malengo yako ya nyumbani hayana mtu anayeona kiti kitupu.

Basi tafuta mmoja. Asiwe mama mkwe, ataligeuza kuwa kesi. Asiwe shoga anayekuonea huruma kila ukilia. Tafuta mwanamke mwenzako mwenye ulimi wa wastani, naye awe na matatu yake. Mnadani mnakwenda wote, sivyo? Njiani kila mmoja amweleze mwenzake hali ya matatu yake. Mkifika Karatu mjini muwe mmeshamaliza, mnunue vitunguu vya Mang'ola, mrudi.

Nikuonye jambo moja kabla hujaanza. Miezi yako ya kwanza itaonekana kama unarudi nyuma. Julai na Agosti magunia yataingia sebuleni, mbaazi zitaanikwa mpaka mlangoni, na kahawa ikianza kuiva wengi wenu mtakwenda mashamba makubwa kuchuma kwa debe, mtarudi jioni migongo imekwisha. Msimu huo hakuna nyumba nyepesi Oldeani nzima. Kula pamoja jioni kutavunjika, na mimi sitaki kusikia unajilaumu kwa hilo. Weka alama zako tatu tu: G, vitambaa, jumla ya Mangi. Hazihitaji nguvu. Magunia yakitoka ndipo utajua umefika wapi.

Na siku ya kutathmini ikifika, fanya kama alivyofanya Mwalimu Nyerere. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967. Mwaka 1977 Nyerere aliandika tathmini ya miaka kumi, akaeleza yaliyofanikiwa na yaliyoharibika, na akakiri kwamba nchi haikuwa imeufikia ujamaa wala kujitegemea. Rais, mwenye chama na redio mkononi, aliandika hivyo ilhali angeweza kupanga sherehe tu. Unaweza kubishana na sera zake mpaka asubuhi, lakini ile karatasi ndiyo ninayotaka uijaribu nyumbani: upande huu yaliyokwenda, upande ule yaliyokwama, na mbele ya kila lililokwama sababu yake kwa maneno machache. "Gesi: mtungi uliisha wiki ya ada." Hiyo ni sababu. "Mimi ni mvivu" si sababu, ifute.

La mwisho, umeuliza kama shemeji ashirikishwe au ufanye kimyakimya. Kimyakimya haitawezekana, mdogo wangu, ataona vipande vya kanga kwenye kila kikombe adhani umeanza mambo ya waganga. Mwambie mapema, jioni akiwa ameshiba. Mpe naye lake moja, achague mwenyewe. Ukiniuliza mimi, ningeanza na ile pikipiki isiyo na injini iliyoegemea ukuta wa nyuma, ambayo "fundi anakuja wiki ijayo". Ifungie kipande cha kanga kwenye usukani.